Mji Alioonyeshwa Mama

"Mama hapandi hilo gari," nilisema.

"Hilo gari ndilo linalompeleka hospitali," Japhet alinijibu. "Wewe una lingine? Lilete."

"Kuna basi la asubuhi."

"Basi la asubuhi likifika Kasulu, daktari ameshamaliza foleni! Ima, usinizingue. Nafasi hii tumeisubiri tangu mwaka jana, leo unaniletea habari za basi."

"Kaka, sisemi asiende. Nasema asiende na yule."

Japhet aliacha kufunga ndoo na mkeka wetu nyuma ya gari. Alijua ninamsema nani. Alinisogelea, akashusha sauti.

"Yule nani? Mtaje basi."

Sikumtaja. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba ya Mzee Nkunzimana, jirani yetu, na Mama alikuwa ameshapanda. Alilifikia gari mwenyewe, bila mimi. Mama haoni. Alikaa kiti cha kati, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwenye redio ya gari, akitabasamu kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo, mwenyeji anakuja.

Niwaeleze kwanza habari za gari hilo, la sivyo mtaniona mtu wa kushika maneno ya barabarani.

Ni gari la kawaida la abiria, lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Lilitoka Japani kama yalivyotoka mengi, likaja na skrini yake na mwanamke wake ndani. Aliyewahi kupanda magari haya anamjua. Dereva akiwasha, mwanamke anasema sentensi moja ya Kijapani, kwa adabu, kisha ananyamaza. Hakuna anayejua anasema nini. Kibondo nzima tunamcheka.

Mama peke yake hakucheka. Siku ya kwanza Japhet alipowasha, yule mwanamke akasema yake, na Mama akakaa vizuri, akajibu kwa Kirundi, "Mwiriwe, mwana wanje. Karibu."

Japhet alicheka mpaka gari likamzimikia. "Mama! Hiyo ni mashine!"

"Mashine au si mashine, amesalimia. Kwetu mtu akisalimia anajibiwa."

Mama ndivyo alivyo. Alizaliwa njiani, Bibi akikimbia kutoka Burundi na mzigo kichwani. Akakulia kambini, akahamishiwa kambi nyingine, akaolewa, akahama tena, mpaka tulipopata uraia na kiwanja hapa Kibondo. Maisha yake yote alihamishwa, lakini hakuwahi kutembea. Nasema kutembea kwa ajili ya kutazama tu, kama wale watu wa kwenye televisheni wanaosimama mbele ya maporomoko na kupigwa picha.

Halafu mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Nilikuwa kidato cha pili siku alipoanguka motoni akitafuta sufuria. Kesho yake sikwenda shule, wala siku iliyofuata. Sikufukuzwa, wala sikupata mimba kama walivyosema mtaani. Nilikuwa macho ya Mama. Aliweka mkono wake wa kushoto kwenye bega langu la kulia, nikatangulia, tukaenda sokoni, kanisani, kisimani. Akinihitaji hakusema njoo. Alisema, "Ima, lete bega."

Kisha lile gari likaja, na Mama akaanza kulisahau bega.

Ilianza jioni moja tukirudi kutoka mnadani Mabamba. Yule mwanamke, ambaye huongea wakati wa kuwasha tu, akaongea katikati ya safari. Mama akainua kichwa.

"Kumbe kuna daraja," alisema.

"Daraja gani, Mama?"

"Jekundu. La mbao. Limepinda kama mgongo wa ng'ombe. Huyu mama anatutembeza kwao."

Tulidhani anatania. Lakini kila safari aliongeza kitu. Ngome ndogo nyeupe juu ya kilima, mapaa yake meusi yamekunjika pembeni. Bwawa lenye samaki wanene, wengine wekundu, wengine weupe, ukipiga makofi wanakuja kinywa wazi. Mtaa ambao maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, watu wakikaa kwenye benchi na kuosha miguu. "Mji mdogo tu," alisema, "Kasulu ni kubwa zaidi. Lakini wameupanga vizuri. Kila mahali kuna kitu cha kuonyesha wageni."

"Na anayekutembeza yukoje?"

"Mfupi. Mtu mzima. Amevaa kofia, ameshika kibendera cha njano. Uso sijamwona, yeye hutangulia tu."

Na safari moja alisema, "Leo tumepita kwa watoto wa mawe. Wamepangwa kando ya njia, wengi, wadogo wadogo, kila mmoja kafungwa kitambaa chekundu shingoni. Nikauliza ni wa nani. Hilo hakunijibu."

Nilimpeleka kwa Daktari Ildefonsi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi. Hakutucheka. Alisema macho yakikosa kazi muda mrefu, akili hujichorea picha zenyewe, na si wazimu wala si mapepo. Nilimwamini kabisa.

Mpaka jioni moja nilipomvua Mama viatu baada ya safari. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Miguu ya Mama ilikuwa imelowa. Ilikuwa ya moto... safi, imejikunja vidole kama miguu iliyokaa majini. Na ilinuka. Harufu ya njiti ya kiberiti, na yai lililochemshwa likapitiliza.

Hapo nikaanza kumtazama kaka yangu.

Japhet alikuwa bodaboda, akipeleka watu kambi ya Nduta na kurudi. Ghafla akawa na gari. La bosi, alisema, bosi wa Kigoma mjini. Huyo bosi hakuna aliyewahi kumwona. Mzee Nkunzimana, akifunga mbuzi wake, aliniambia kwa mzaha usio mzaha, "Gari la namna ile halinywi petroli peke yake, binti yangu." Nilijua anamaanisha nini. Kila mtu huku anajua. Mtu anapewa mali, na mali inataka mtu wa nyumba yake.

Nilipoanza kuchunguza, niliona mengi. Japhet alimchukua Mama hata bila safari. "Mama, twende nikakunyooshe miguu." Na asubuhi moja, nikitoka na ndoo, nilimkuta kaka yangu ameketi garini peke yake, injini imezimwa, ameinamia redio. Ananong'ona.

Aliponiona aliacha.

Ndiyo maana nilisema asiende na yule wa redioni. Lakini Kabanga, hospitali ya karibu na Kasulu, ndiko kwenye daktari wa macho, na nafasi ilikuwa kesho asubuhi. Nikimzuia Mama, abaki kipofu kwa sababu yangu? Nilipanda. Nilikaa ubavuni kwake, nikamshika mkono.

Japhet akawasha. Mwanamke akasema sentensi yake.

"Ego," Mama akamwitikia, ndiyo yetu ya Kirundi. "Tuko tayari."

Tuliipita njia ya kwenda Nduta, taa chache za kambi zikabaki nyuma, na giza likaingia pamoja na msitu. Japhet hakuweka muziki.

Harufu ilitangulia.

Kiberiti. Halafu joto. Vioo vikafanya ukungu kwa ndani. Japhet alipangusa kioo cha mbele kwa kiganja. Na sauti ikaja. Haikutoka mbele kwenye redio. Ilitoka upande wa pili wa Mama, kwenye kiti kisicho na mtu.

"Anasema nini?" nilinong'ona.

"Anasema tumechelewa kidogo, lakini si neno."

"Mama, umejifunza lini Kijapani?"

"Sikijui. Namwelewa tu. Wewe ulipokuwa mchanga ulikuwa unasema lugha gani? Na nilikuelewa."

Niliubana mkono wake. Ulikuwa na jasho.

"Leo tuko kwenye kengele," Mama aliendelea taratibu. "Kubwa kama banda la kuku. Haina ulimi ndani. Wanaipiga kwa gogo linaloning'inia. Sikiliza..."

Sikutaka kusikiliza.

Ngoooooo.

Ilitoka msituni, kulia kwetu. Japhet alikanyaga breki.

"Kaka... umesikia?"

"Lori," alisema. "Ni lori tu hilo."

Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma. Kisha injini ikazima. Taa zikazima. Ikabaki skrini peke yake, inawaka.

Niliiona. Nilikuwa sijawahi kuona kitu pale zaidi ya maandishi yao. Sasa kulikuwa na daraja jekundu, limepinda kama mgongo wa ng'ombe, mvuke ukitembea juu ya maji. Mwisho wa daraja alisimama mtu mfupi, ametupa mgongo. Mkononi ana kitu cha njano.

Akaanza kugeuka.

Nilifumba macho. Nasema ukweli wangu, niliyafumba, na sikuyafumbua.

Krrrrrrrr.

Mlango wa ubavuni ulijifungua. Ule mlango haukuwahi kujifungua. Injini yake ndogo ilikufa kabla gari halijafika kwetu, tunausukuma kwa mkono na bega. Nje palipaswa kuwa na nyasi na miti. Badala yake mvuke ulinipiga usoni. Nilisikia maji yakitiririka juu ya mawe. Na viatu vya mbao, vinakaribia bila haraka.

Ko... ko... ko...

"Vyote amenionyesha," Mama alisema. "Amebakiza nyumbani kwake tu. Nachungulia mara moja, narudi."

"Mama, usishuke!"

"Kukataa nyumba ya mtu ni utovu wa adabu."

"Mama, nakuomba!"

"Ima, niache, mwana wanje. Nimekimbia sana. Acha na mimi nitembee."

Mkono wake ulichomoka kwenye wangu. Kiti kikapanda, uzito umeondoka. Nilijirusha gizani macho yamefumbwa, nikashika mkono, nikavuta kwa nguvu zangu zote nikipiga kelele. Alikuja kirahisi. Alikuwa mwepesi. Akaketi. Mlango ukajifunga, taa zikawaka, injini ikaunguruma, na Japhet hata leo anaapa kwamba hakugusa ufunguo.

"Mama? Uko salama?"

Alipanga kitenge chake mapajani.

"Ego," akasema. Hilo tu.

Nilimshika mkono tena mpaka Kabanga. Ulikuwa mkavu. Mpaka leo sijui niliyemvuta ndani ni nani.

Asubuhi walimpokea, wakampeleka kwenye upasuaji wa jicho la kulia. La kushoto tungelirudia baadaye. Mimi nilimfuata Japhet Kasulu mjini, kwa Shamsi, fundi wa umeme wa magari, kwa sababu taa za gari zilikuwa zinapepesa. Nilitaka pia fundi aing'oe ile redio, nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu.

"Karibu, dada wa Kibondo," Shamsi alisema. Ni mtu wa Tanga, maneno hayamwishii. "Mbona umenuna hivyo, kaka amekunyima chipsi?"

"Nataka uitoe hiyo redio inayoongea."

"Inayoongea?" Alipenyeza bisibisi, akaichomoa redio yote kwenye dashibodi, akaigeuza. Akatazama nyuma yake. Akamtazama Japhet. Mzaha ukamtoka.

"Hii haiongei, dada. Waya zote zimekatwa, zimefungwa na gundi. Kazi ya zamani hii, gundi imeshika vumbi. Nani alikata?"

Japhet alitazama chini.

"Mimi," alisema. "Kabla ya Pasaka."

Nikahesabu siku. Yote tuliyosikia baada ya Pasaka... mwanamke wa kila asubuhi... lile daraja kwenye skrini.

Nilimvuta kaka yangu nyuma ya karakana, penye matairi.

"Umemtoa Mama," nilimwambia. "Sema kweli. Umemtoa kwa ajili ya gari."

Nilidhani atanipiga kofi. Hakunipiga. Alikaa kwenye tairi akafunika uso.

"Jioni moja nilikuwa peke yangu, akaniita jina," alisema kwa sauti ndogo. "Japhet. Vizuri kabisa, kama shangazi. Nikakata waya. Kesho yake akasalimia kama kawaida."

"Na hukusema?"

"Ulimsikia Mama anavyocheka mle ndani? Tangu Baba azikwe ulimsikia tena akicheka? Nimnyang'anye, halafu nimpe nini?"

"Ulikuwa unanong'ona na nani siku ile?"

"Na yule." Alishusha mikono usoni. "Nilimshukuru. Nikamwomba amtembeze Mama kote, asimfiche kitu. Nikamwambia akimaliza, naye aje, tumtembeze kwetu. Basi. Ilikuwa heshima tu, Ima. Si ndivyo tunavyomwambia mtu? Karibu na kwetu. Nani huwa anakuja kweli?"

Nilitaka kumwamini, na nusu yangu ilimwamini. Lakini Mama naye alimkaribisha, siku ya kwanza kabisa, mbele yangu. Watu wawili wa nyumba moja. Ningekuwa mimi mgeni, ningesubiri mara ya tatu?

Shamsi alituita. Alikuwa amefagia chini ya viti, na mkononi ameshika kijiti chenye kitambaa cha njano.

"Hii yenu? Nilikuwa naziona Zanzibar. Anayetembeza wageni anatangulia nayo juu, wao wanamfuata nyuma kama vifaranga, wasipotee." Aliipunga, akacheka. "Haya, dada, nitembeze Kasulu."

Niliichukua, nikarudi nayo Kabanga. Wapishi wa wagonjwa walikuwa wanachoma takataka nyuma ya majiko. Niliitupa motoni. Niliona pembe ya kitambaa ikikunjamana na kuwa nyeusi. Halafu mwuguzi akaniita haraka, nikaondoka kabla haijaisha.

Kesho yake walimfungua Mama bandeji.

"Unaona nini, mama?" daktari aliuliza.

Alitazama dirisha. Alitazama daktari, ukuta, ndoo, mgonjwa wa kitanda cha pili. Halafu alinitazama mimi, muda mrefu.

"Pazuri," alisema.

Wote walicheka kwa furaha, mwuguzi akapiga vigelegele. Mimi nililia. Nilijirusha kifuani kwake nikasubiri aniite mwana wanje. Alinishika mabega, akanisogeza nyuma kidogo ili anione vizuri. Kisha akainamisha kichwa. Kidogo tu, mara moja, kama mtu anayeshukuru kuhudumiwa.

"Ananiona baada ya miaka," nilijiambia. "Nimekua. Ananionea haya tu."

Tulitoka nje. Nikasimama mbele yake, nikampa bega la kulia. Alilitazama, hakujua la nini. Akanipita, akatembea mwenyewe, mikono nyuma, akisimama kila baada ya hatua chache. Alitazama ukuta wa chumba cha maiti, "Pazuri." Alitazama jalala, "Pazuri." Aliuliza mti ule unaitwaje, na ulikuwa mwembe.

"Ana furaha," Japhet alisema. "Mwache, jamani. Ungekuwa wewe usingeshangaa?"

Nilimjaribu. Garini nilimwuliza, "Mama, siku ulipoungua mkono ulikuwa unatafuta nini?"

Alifikiri. Akageuza kiganja, akatazama kovu, kama anayesoma kibao.

"Sufuria," alisema.

Alijibu sawa. Nilipaswa kufurahi.

Gari lilikuwa kimya siku hiyo. Japhet alipowasha, hatukusikia sentensi. Redio ilikuwa imerudishwa mahali pake, giza tupu. Tulitazamana kwenye kioo, na niliona mabega ya kaka yangu yakishuka, kama mtu aliyetua gunia.

Kwenye daraja la Malagarasi, Mama alisema tusimame. Jua lilikuwa upande, maji yamekuwa ya rangi ya chai. Alishuka, akaenda mpaka kwenye ukingo, akainama.

Akapiga makofi. Mara mbili. Akasubiri.

"Mama, hawa si wale samaki wa..." Japhet alianza kwa kicheko.

Kicheko kilimkatikia. Maji chini ya daraja yalianza kuchemka. Migongo. Migongo myeusi ya samaki, mingi, inapandana, na vinywa vinafunguka juu ya maji, vinafunguka na kujifunga bila sauti.

"Pazuri," Mama alisema, akarudi garini.

Dereva wa lori aliyesimama nyuma yetu alitupigia honi, na Japhet aliondoka kwa kasi ambayo hajawahi kuendesha.

Tulifika nyumbani giza likianza kuingia, saa ileile tuliyoondokea. Nilitangulia, nikafungua kufuli, nikawasha taa ya sebuleni. Nilijipa moyo. Nyumba hii Japhet aliijenga Mama akiwa haoni tena, hajawahi kuiona, akiishangaa ni haki yake. Daktari angesema hivyo. Daktari Ildefonsi ana jibu kwa kila kitu, na mengi ni ya kweli.

Nilirudi nje kuchukua ndoo na mkeka. Japhet alikuwa ameshazima gari, ameshika funguo. Mama alikuwa anatembea taratibu kuelekea mlangoni, akiangalia migomba, akiangalia banda la mbuzi wa jirani. Nilifungua nyuma, nikainama ndani.

Redio ilikuwa imezimwa. Waya zilikuwa zimekatwa.

Ikaongea.

Haikuwa Kijapani. Ilikuwa sauti ya chini, kutoka mbali, nyuma yake kuna maji yanatiririka juu ya mawe. Sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Ima..." ilisema. "Ima, uko wapi? Hapa naona kila kitu, lakini njia siioni. Lete bega."

Ndoo ilinidondoka. Nilimtazama Japhet. Alikuwa ameikodolea macho redio. Alikuwa amesikia. Safari hii hakusema ni lori.

Na mlangoni, nyuma yetu, mtu alibisha.

Taratibu. Mara tatu. Nani anabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake, uliofunguliwa, wenye taa?

"Usimkaribishe," nilimnong'oneza kaka yangu. "Kaka, usiitike."

Tuligeuka. Alikuwa amesimama kizingitini kwa miguu ya Mama, ndani ya kitenge cha Mama, jicho moja limefunikwa na ukungu, jingine safi linang'aa kwa taa. Hakuwa ameingia. Alikuwa anasubiri, kwa adabu. Kisha akaingiza mkono kwenye kitenge, akatoa kijiti chenye kitambaa cha njano, pembe moja imeungua. Akaninyooshea mimi. Akainamisha kichwa, kidogo, mara moja.

"Mama yako nimemwonyesha kwetu kote," alisema. "Sasa shika hii, binti, utangulie. Nionyeshe kwenu."